Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha wasomaji, Lubumbashi

Wapendwa wanachama, ba Papa, ba Mama na ninyi vijana,

Mkutano mkuu uliopita ulitupa kazi ya kusoma riwaya za nyakati za vita na mateso zinazosimuliwa kwa macho ya mtoto. Mnakumbuka ubishi uliozuka. Papa mmoja alisema vita tunavyo vya kutosha mashariki ya nchi yetu, ya nini kuazima vya Wazungu vya miaka 80 iliyopita? Nitamjibu humu humu, kwa heshima zote.

Mambo ya sanduku kwanza, maana ni mafupi. Michango ilikuja kwa kusuasua, lakini hatudaiwi na mtu. Msimu wa mvua mahudhurio yalipungua, hasa kwa wanaotoka Katuba na Ruashi, na umeme ulipokatika tulisoma kwa tochi za simu. Vitabu bado ni shida: nakala moja inazunguka kwa watu wengi, na zote ni za Kifaransa, kwa hiyo mmoja anasoma ukurasa kwa sauti, kisha tunauzungumza kwa Kiswahili. Ni utaratibu wa polepole na mimi naupenda. Anayetakiwa kumweleza mama yake ukurasa hawezi kujifanya ameuelewa.

Kitabu kilichotushika zaidi ni Un sac de billes cha Joseph Joffo, kilichotoka mwaka 1973. Mwandishi anasimulia utoto wake mwenyewe kwa namna ya riwaya: mtoto wa kinyozi Myahudi wa Paris, miaka kumi, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani. Mei 1942 ilitolewa amri kwamba kila Myahudi wa eneo lile, kuanzia mtoto wa miaka 6, ashone nyota ya njano kwenye nguo yake. Jo anaingia shuleni na nyota kifuani, anatukanwa, anapigwa. Halafu rafiki yake, asiyeona ubaya wowote katika kile kitambaa, anakitamani na kumpa mfuko wa gololi wabadilishane. Mtu mzima angeandika hapo kurasa tatu za hasira. Mtoto anapokea mfuko wake.

Kisha baba anawaambia Jo na kaka yake Maurice waondoke peke yao kuelekea kusini. Kabla ya kuwaachia anamuuliza Jo: wewe ni Myahudi? Jo anakana. Baba anamzaba kofi na kumuuliza tena, kumpima kama atashikilia uongo huo hata akipigwa.

Kofi hilo lilikula mkutano mzima. Wanaume wengi walimlaumu baba, mpaka mama mmoja anayeuza samaki soko la Kenya, komini ya hapa mjini, akawakatiza: "Ule papa alimupiga juu ya kumuponyesha. Kama hamuyafundishaka mutoto kudanganya, mushukuru Mungu."

Ndipo wenzetu wa asili ya Kasai wakafungua midomo. Ni habari za 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga na maelfu wakawa wanalala stesheni ya Likasi wakingoja treni. Mmoja wetu, mtoto mdogo siku hizo, alieleza alivyokatazwa kumwita baba yake "tatu", yaani baba kwa Kiluba cha Kasai, barabarani. Ilikuwa lazima aseme "papa" kama watoto wa jirani, na jioni mama alimfanyisha mazoezi jikoni, akikosea anarudia. Tumekaa naye kwenye viti hivi miaka mingi, na habari hiyo hakuna aliyekuwa ameisikia.

Sasa jibu la Papa. Ile sinagogi iliyo katikati ya mji wetu, tunayopita mbele yake bila kugeuza shingo, ilijengwa na Wayahudi waliokuja kufanya biashara hapa enzi za ukoloni, mji ukiitwa Élisabethville, wengi wao kutoka kisiwa cha Rhodes. Julai 1944 ndugu zao waliobaki kisiwani, zaidi ya watu 1,600, walipakiwa kwenye meli, kisha kwenye treni hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland. Waliotoka hai hawakufika 200. Kwa hiyo msiba huo ulikuwa na wafiwa hapa hapa mjini, nyuma ya kaunta za maduka.

Komite iligawanyika juu ya Le garçon en pyjama rayé cha John Boyne, cha mwaka 2006. Bruno, mtoto wa mkuu wa kambi, ana miaka tisa na hajui lolote. Anafanya urafiki na mtoto Myahudi kupitia seng'enge. Vijana wetu walilia. Lakini Januari 2020 makumbusho ya Auschwitz yenyewe yalishauri kitabu hicho kiepukwe na yeyote anayesoma au kufundisha historia hii, na mimi niko upande wao. Watoto wengi wa umri ule waliuawa mara tu walipofikishwa kambini. Tena mtoto wa Kijerumani wa wakati ule alifundishwa darasani kuwachukia Wayahudi. Jo anajua kinachomwinda. Bruno amefichwa kila kitu ili sisi tulie vizuri. Kitabu kinabaki rafuni, ila mwanafunzi asikiazime bila mtu mzima wa kukisoma naye.

Petit pays cha Gaël Faye, cha 2016, cha mtoto anayekulia Burundi vita vikiingia, sikielezi sana, vijana wamekichakaza. Wenye ndugu Goma waliona Bujumbura ya 1993 iko karibu mno, na mmoja alikirudisha kabla ya nusu. Hakuulizwa sababu.

Komite inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, mchango wa mwaka usiongezwe. La pili, kila mkutano mzee mmoja atusimulie utoto wake na kijana aandike, tukianza na waliokuwa watoto katika kambi ya wakimbizi Waluba hapa mjini mwaka 1961, kwa kuwa wamebaki wachache. Msimulizi ndiye atakayeamua kama maandishi yasomwe na wengine au yabaki kwake. Kura zitapigwa baada ya mweka hazina kusoma hesabu.