Eksirei na uso wa metali: marekebisho

Mhariri,

Makala yenu kuhusu eksirei niliifurahia, ila kuna sentensi moja siwezi kuiacha ipite. Mwandishi anadai kwamba kwa kuwa eksirei hupenya, haziwezi kutuambia lolote kuhusu uso wa metali. Mimi ni fundi wa maabara, na kazi yangu ni kuandaa vipande vya metali kwa vipimo hivyohivyo anavyosema haviwezekani.

Kupenya kunategemea pembe. Miale ikija karibu sambamba na uso, kwa pembe isiyofika hata nusu digrii, sehemu kubwa huakisiwa, na kidogo kinachoingia huishia nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu. Mwanafizikia Arthur Compton alionyesha uakisi huo mwaka 1923. Atomu za juu huitawanya miale kufuatana na zilivyojipanga, nasi hupima inaelekea wapi na kwa nguvu gani. Hakuna picha inayotokea hapo. Zinatoka namba, kisha wanafizikia hubishana (na wanajua kubishana!) mpaka upatikane mpangilio mmoja unaokubaliana na namba zote.

Chukua dhahabu. Fuwele yake ikikatwa kwenye uso unaoitwa 110 (namba zinazotaja mwelekeo wa mkato), mtu angetarajia atomu za juu zikae kama zile za ndani. Hazikai. Safu moja hubaki, inayofuata haipo, na uso mzima huwa na mifereji. Mwaka 1983 mwanafizikia Ian Robinson aliupima mpangilio huo kwa eksirei.

Kinachotutoa jasho sisi mafundi ni usafi. Uso safi ukiachwa hewani hufunikwa na gesi kufumba na kufumbua. Kwa hiyo tunaufungia kwenye ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, tunaupiga kwa ioni (atomu zenye chaji) za gesi ya argoni ili uchafu ung'oke, tunaupasha moto atomu zitulie, kisha tunarudia. Wakubwa hutia saini ripoti. Usiku wa kupasha moto ni wetu.

Elektroni nazo husoma uso vizuri, lakini gesi huzizuia. Eksirei hupita. Ndiyo maana platini inaweza kuchunguzwa ikiwa kazini, inapoigeuza monoksidi ya kaboni kuwa dioksidi. Ishara ni hafifu, hivyo mara nyingi huhitajika sinkrotroni, mtambo wa duara unaozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe eksirei kali, kama ule wa Grenoble, Ufaransa, wenye mzingo wa mita 844.

Naomba sentensi ile isahihishwe toleo lijalo, maana wanafunzi husoma ukurasa huo.

Fundi wa maabara