Kumi na saba hawakuugusa mpira

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku Kwale hatujambo, mvua imenyesha na mahindi yamesimama. Mama Rukia amejifungua salama, mtoto wa kiume, lakini hayo utayapata kwake mwenyewe. Nimenyamaza tangu Idi, niwie radhi. Leo nina jambo limenikaa moyoni.

Muhula huu nimepewa somo la sanaa na michezo, gredi ya saba. Watoto 48, mipira miwili, kipindi dakika 40. Nikaanza kama tulivyofanyiwa sisi: timu mbili, mpira katikati, filimbi. Vumbi likatimka, nikadhani kipindi kimenoga. Alhamisi nikachukua daftari nikahesabu. Shoga, watoto 17 hawakuugusa mpira hata mara moja, na 14 kati yao ni wasichana! Mmoja kasimama chini ya mwembe, mikono kaikunja, mpira ukija upande wake anaupisha kama anayepisha bodaboda. Nikatuona mimi na wewe darasa la saba, tumewashikia wavulana viatu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikawaambia kila mmoja aje na mpira wake. Sisi tulisokota mifuko ya plastiki, lakini hiyo si ilipigwa marufuku 2017? Basi wamekuja na soksi kuukuu zilizoshindiliwa sponji ya godoro, vipande vya leso, kamba ya mkonge. Haidundi, na hiyo ndiyo faida yake: haikimbii mbali wala haiumizi uso.

Vifuu vya nazi ndizo koni zangu. Wawili wawili, hatua tano baina yao, pasi tu. Kazi ni kuwaachisha kupiga kwa ncha ya vidole. Nawaambia mguu wa kusimamia uwe ubavuni mwa mpira, vidole vielekee kwa mwenzio, kifundo kaza, kisha usukume kwa upande wa ndani. Kutuliza nako, mguu urudi nyuma kidogo mpira unapofika, kama anayepokea mtoto mchanga. Hilo wamelishika upesi kuliko yote. Halafu wanne kwa wanne, viwanja sita vidogo, bila kipa. Kupiga mpira kwa kichwa bado. Marekani tangu 2015 walio na miaka 10 kushuka chini hawaruhusiwi, na wa 11 hadi 13 wanawekewa kiasi mazoezini. Hawa wangu wengi wana 12.

Yule wa mwembe, mamake alikuja shuleni kuuliza mwanawe atacheza na wavulana amevaa nini. Nikamwambia suruali ndani ya sketi, mtandio ufungwe nyuma, pini hapana. Nikamtajia Junior Starlets, waliokwenda Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika huko, wakawafunga Mexico 2-1. Akanyamaza kitambo, akauliza kama wanasoma. Nikamwambia wengi ni watoto wa shule kama wake. Akaondoka bila kusema ndiyo wala la, lakini Jumanne suruali ilikuwepo. Na mpira ulipomjia hakuupisha. Aliutuliza kwa wayo, akautazama, kama hajui sasa aufanye nini! Nilitamani ungekuwepo.

Tatizo, mipira hii inafumka siku ya tatu, na ikilowa inakuwa mawe. Ndiyo maana nakuandikia. Timu yenu hapo Mombasa, mipira iliyochakaa mnaipeleka wapi? Hata iliyochubuka ngozi naitaka, mradi inashika upepo. Saizi ya nne ndiyo bora, ya tano ni nzito kwa miguu hii. Na sindano ya pampu, yetu imevunjika.

Halafu niambie, wewe mguu wa kushoto ulijifunzaje? Wasichana niwatenganishe kwanza wapate ujasiri, au niendelee kuwachanganya? Wavulana wawili hawawapi pasi hata niseme nini, ungewafanyaje? Kocha wako bado anawafundisha kurusha mpira kwa mikono miwili mkiwa mmepiga magoti? Inasaidia kweli? Na utakuja lini? Kipindi ni Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi. Matatu za Ukunda unazijua, toka mapema.

Wasalimie watoto.

Ni mimi shoga yako