Kitini cha kompyuta kiandikwe tarehe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaofundisha vijana kuandika programu za kompyuta.

Mwezi uliopita binti mmoja darasani kwangu, hapa Mwanza, alihangaika siku mbili na zoezi la ptrace. Kwa wito huo, programu huiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, iiruhusu kuishika programu nyingine na kuchungulia kumbukumbu yake. GDB, tunayosakia hitilafu kila siku, imesimama hapo. Alikuwa akifuata kitini kilichotolewa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi za pembeni zimekatika. Kitini kinasema programu ikiwa ni yako, unaishika tu. Ubuntu yake, ambayo ni aina ya Linux, ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Mwalimu, nimenakili neno kwa neno," akaniambia, na machozi yanamlengalenga.

Kosa halikuwa lake. Tangu Ubuntu 10.10, ya mwaka 2010, programu ya kawaida haishiki nyingine isipokuwa ile iliyoizaa yenyewe au kizazi chake. Kinga hiyo inaitwa Yama. Fungua faili /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope. Ukikuta 1, imewashwa. Kitini hakina hata mstari mmoja juu yake.

Tukahamia kwenye kikompyuta chenye prosesa ya ARM ya biti 64. Huko amri ya ptrace iliyo kwenye kitini, PTRACE_GETREGS, ikagoma, maana kwenye prosesa hiyo rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa, husomwa kwa PTRACE_GETREGSET. Amri ya PTRACE_SEIZE nayo, iliyokuja na Linux 3.4 mwaka 2012 na ambayo hushika programu bila kuisimamisha, haimo kabisa katika kitini.

Mwongozo rasmi wa Linux unayaeleza yote haya. Lakini ni Kiingereza, tena mrefu, na kijana aliyepewa kitini na mwalimu wake anakiamini kitini. Kikimwangusha, anadhani yeye ndiye hana kichwa cha kompyuta. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu wapo walioacha kwa namna hiyo, na mimi ndiye niliyewagawia karatasi.

Walimu wenzangu, nawaomba: kila kitini kibebe juu kabisa tarehe, toleo la kerneli na aina ya prosesa kilipojaribiwa. Kisichojaribiwa mwaka huu kisiende steshenari. Chetu tumeanza kukipitia Jumamosi, zoezi kwa zoezi, na yule binti ndiye anayeshika kalamu nyekundu.

Mwalimu wa programu,
Mwanza