Bandama ya sentimita 9: imevimba au ni ya kawaida?

Kwa mtoto wa mwaka 1, bandama yenye urefu wa sentimita 9 imevimba, kwa sababu katika umri huo haitarajiwi kuzidi 7. Kwa mtoto wa miaka 4 iko ukingoni mwa kawaida. Kwa kijana wa miaka 14 hakuna cha kutia hofu. Namba ni ileile, ila watoto ni watatu.

Ndiyo maana hapa kituoni kwetu Mwanza, mtoto hapandi kitandani kwa altrasaundi kabla hatujampima urefu na uzito. Viungo vya tumboni hukua pamoja na mwili, na urefu wa mtoto hueleza ukubwa wa viungo hivyo vizuri kuliko tarehe ya kuzaliwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa takribani asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo ukimsoma kwa umri pekee, utamsoma vibaya.

Ini huwatisha wazazi wengi bure. Kwa mtoto mchanga, ini ni kama sehemu moja ya ishirini ya uzito wote wa mwili. Kwa mtu mzima ni kama moja ya hamsini. Basi daktari akiligusa sentimita 1 au 2 chini ya mbavu za mtoto mchanga, mara nyingi hilo ni umbile lake tu.

Figo za mtoto anayezaliwa zina urefu wa karibu sentimita 5, akiwa na miaka 5 hukaribia 8, na miaka 10 huwa kama 9. Sisi huzitazama zote mbili kwa pamoja. Zikipishana zaidi ya sentimita 1, tunamwandikia daktari. Na kwa mtoto mwenye U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) za mara kwa mara, figo ambayo haijaongezeka tangu kipimo cha mwaka jana inatusumbua zaidi kuliko figo kubwa.

Bandama ndiyo yenye mengi ukanda huu wa Ziwa. Malaria ya kujirudia huivimbisha, kichocho cha tumbo hufanya hivyo kupitia ini, na selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) ina njia yake: miaka ya mwanzo huikuza, kisha kwa watoto wengi husinyaa hata isionekane. Kwa mtoto huyo, bandama ndogo si dalili ya kupona. Na mwenye selimundu akipauka ghafla huku tumbo likijaa upande wa kushoto, tafadhali usije kwetu kupanga foleni. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Kipimo chenyewe hakina mionzi wala sindano. Kwa ini na kibofu cha nyongo, mtoto mkubwa asile kwa saa 4 hadi 6. Anayenyonya tunamsubiri karibu na muda wake wa kunyonya unaofuata. Kwa figo, anywe maji na asikojoe kwanza.

Ripoti zetu huandika kipimo, urefu wa mtoto, na kiwango cha kawaida cha umri wake. Ukipewa namba tupu popote pale, una haki ya kuuliza kiwango hicho. Njoo na kadi ya kliniki pamoja na ripoti ya zamani, hata kama ilitoka kwingine. Kuzilinganisha hatutozi chochote.