Barua ya wazi kwa vijana wanaoanza utafiti wa jiometri: msiogope kusema "nilikosea"

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliochagua kufanya utafiti pale jiometri inapokutana na fizikia ya kihisabati. Nimewasikiliza mkieleza kazi zenu na nimegundua kitu kinachonisumbua. Wengi wenu mnakwama kwa sababu ya hofu ya kuonekana mmekosea, wala si kwa ugumu wa hesabu. Mtu anabaki na shaka moyoni mwaka mzima, hamwonyeshi mwenzake, hamuulizi mwalimu. Naomba mnisikilize kidogo kuhusu hilo.

Mwaka 1954 mwanahisabati Eugenio Calabi alitoa dai kwamba kuna maumbo ya vipimo vingi ambayo yanaweza kuwekewa namna ya kupima umbali hivi kwamba mpindo wa Ricci, yaani kipimo kimojawapo cha jinsi nafasi inavyopinda, unakuwa sifuri kila mahali. Mnajua uzito wa dai hilo: mpindo huo ndio uliomo katika mlinganyo wa mvutano (graviti) wa Einstein wa mwaka 1915, na sifuri maana yake ni mvutano mahali pasipo na maada yoyote. Wataalamu wengi waliona ni zuri mno kuwa kweli. Shing-Tung Yau alikuwa mmoja wao. Mwaka 1973, bado kijana, aliwaeleza wenzake katika mkutano Stanford kwamba amepata mfano wa kulivunja.

Baadaye Calabi alimwandikia akiomba maelezo kamili. Yau akakaa chini kuyaandika, na mfano ukabomoka mikononi mwake. Akajaribu mwingine, nao ukabomoka hatua ya mwisho. Hakutafuta maneno ya kujitetea. Alikubali kwamba huenda dai ni la kweli, akageuka, akaanza kulithibitisha. Mwaka 1976 akalimaliza, na mwaka 1982 akapewa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati. Kila ninapowafundisha wanafunzi uthibitisho huo huwa nawasimulia kwanza mifano iliyobomoka, maana ndiyo iliyomwonyesha ni wapi pa kushika.

Miaka michache baadaye wanafizikia wa nadharia ya nyuzi, inayosema chembe za msingi ni nyuzi ndogo zinazotetemeka, waliyahitaji maumbo hayohayo. Nadharia yao inataka vipimo kumi, sisi tunaviona vinne, na vile sita vilivyobaki vilipaswa kujikunja katika umbo la Calabi na Yau. Hapo ndipo kilipotokea kisa ninachokipenda kuliko vyote katika taaluma yetu.

Umbo maarufu kati ya hayo hupatikana kwa mlinganyo wa kipeo cha tano. Swali ni la kale: ndani yake mna mistari mingapi ya kila kipeo, iliyonyooka na iliyopinda? Mistari iliyonyooka ni 2,875, hilo lilijulikana tangu karne ya 19. Mistari iliyopinda ya kipeo cha pili ni 609,250, jibu lililopatikana mwaka 1986. Kipeo cha tatu kilikuwa mlima. Wanahisabati Geir Ellingsrud na Stein Arild Strømme waliupanda kwa msaada wa kompyuta, wakapata 2,682,549,425. Wakati huohuo, mwaka 1991, mwanafizikia Philip Candelas na wenzake watatu walikuja na njia ya kioo: kila umbo lina pacha wake, na hesabu ngumu upande mmoja hugeuka kuwa nyepesi upande wa pili. Wao walipata 317,206,375. Njia yao haikuwa na uthibitisho. Ungekuwa wewe, ungeamini upande gani?

Wanahisabati wale wawili walirudi kwenye programu yao, wakaipekua, wakakuta kosa. Walipolisahihisha, namba ikatoka 317,206,375. Wakawatangazia wenzao mara moja. Uthibitisho wa njia ya kioo kwa umbo hilo ulikuja mwaka 1996, kwa mkono wa Alexander Givental.

Kuna wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa fizikia. Mimi sikubaliani nao. Namba ya wanafizikia peke yake ingebaki kubahatisha kwa akili sana. Iliaminika kwa kuwa watu wengine, kwa njia nyingine kabisa, walihesabu, wakakosea, wakalisema kosa lao, wakahesabu tena.

Mimi sikufanya hivyo nilipokuwa na umri wenu. Niliona alama ya kutoa imepotea katika ukurasa wa tatu wa kazi yangu, nikaificha miezi kadhaa nikitumaini itajifuta yenyewe mbele ya safari. Mficha maradhi kilio humfichua: mwenzangu aliiona siku niliyosimama mbele ya watu. Miezi ile ndiyo inayoniuma hadi leo, maana ningeweza kuitumia kujenga.

Basi, kabla hamjagusa chochote kikubwa, hesabuni kwa mkono vitu vidogo ambavyo kosa haliwezi kujificha. Chukua tufe. Anza kwenye ikweta, panda mpaka Ncha ya Kaskazini, geuka nyuzi 90, shuka mpaka ikweta, rudi ulikoanzia. Pembetatu hiyo ina pembe tatu za nyuzi 90, jumla 270, ziada ya 90 juu ya zile 180 za karatasi bapa. Eneo lake ni sehemu moja ya nane ya tufe. Zidisha eneo hilo kwa mpindo, yaani moja gawanya kwa kipenyo nusu kilichozidishwa chenyewe, nawe utapata ziada ileile, ikipimwa kwa radiani (pi gawanya kwa mbili, yaani nyuzi 90). Gauss aliandika sababu yake mwaka 1827. Sasa beba mshale kuzunguka pembetatu hiyo bila kuupindisha: utarudi umegeuka nyuzi 90. Wazo hilohilo la mshale unaorudi umegeuka ndilo lililomo ndani ya nadharia ya Yang na Mills ya mwaka 1954 kuhusu nguvu kati ya chembe, isipokuwa pale mshale hukaa katika nafasi ya ndani ya chembe.

Rudieni hesabu hiyo pembe ya kwenye ncha ikiwa nyuzi 60. Eneo litakuwa sehemu ya kumi na mbili ya tufe. Mshale wa mmoja wenu ukikataa kugeuka 60, auweke ubaoni leo hii, mbele ya wenzake, pamoja na mstari ulioharibika.

Mwalimu wenu