Shukrani kwa mzee wa pale Sanamu ya Askari

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuliuliza, ila watoto wangu wa chekechea bado wanakutaja. Walidhani sanamu ile ya barabara ya Samora, Dar es Salaam, ni ya mlinzi wa benki! Ukachuchumaa, ukawaeleza kuwa ipo tangu 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba wapagazi wengi waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Ukawaonyesha singe ya bunduki ilivyoelekea bandarini. Mkuki na ngao vinavyowekwa kwenye mnara wa mashujaa Siku ya Mashujaa, 25 Julai, navyo ukavifafanua bila kuwatisha, mimi nisingeweza. Asante sana, Mungu akuzidishie umri. Ukipita shuleni, chai ipo.