Kugawa diski ya laptopu: unacholipia ni nini hasa

Kuna lalamiko lisiloisha: "Fundi, kugawa diski ni kubofya mara tatu tu, mbona bei hiyo, na laptopu ilale kwenu?" Safari hii limekuja na jingine juu yake. Mteja amefika nyumbani, akajumlisha C na D, zile sehemu mbili tulizomgawia diski yake, akapata GB 465 badala ya 500, akatuandikia kwamba tumembadilishia diski.

Tuanze na hilo, maana linagusa uaminifu wetu. Watengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu baiti 1,073,741,824 na bado huandika GB. Kwa hiyo diski ya GB 500 husomeka 465, ya 256 husomeka 238, na ya TB 1 husomeka 931, hata ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Halafu kuna patisheni (sehemu za diski) ndogo zilizofichwa, ile ya EFI inayowasha mashine na ile ya kurekebisha Windows. Seriali namba ya diski tunaiandika kwenye risiti mbele yako unapotuachia mashine. Ilinganishe ukija kuichukua.

Sasa bei. Kabla ya kugusa chochote tunasoma afya ya diski. Tukikuta sekta mbovu (vipande vya diski visivyosomeka) zinazoongezeka, hatugawi, hata mteja akisisitiza, kwa sababu kuhamisha data ndani ya diski inayokufa ni kuimalizia. Ikiwa nzima, tunachukua bakapu ya kila kitu kwenye diski ya nje, kisha tunafungua mafaili kadhaa kuhakikisha yanasomeka. Kunakili GB 300 za mafaili madogomadogo kutoka diski ya zamani ya kuzunguka ni kazi ya saa nyingi, ndiyo maana mashine inalala. Kisha tunaangalia BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data za diski. Laptopu nyingi za siku hizi zimefungwa nayo bila mwenyewe kujua, na ikishtuka itadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, basi uje nao.

Mteja mmoja alitaka kuokoa pesa. C yake ilikuwa na nafasi kubwa tupu, lakini Windows ikamruhusu kupunguza kidogo tu. Hilo ni la kawaida: katikati ya diski huwa kuna mafaili yasiyohamishika, kama lile la kumbukumbu ya ziada, lile la kulaza mashine na nakala za kurejesha mfumo. Sisi huyazima kwa muda, tunawasha upya, tunapunguza, kisha tunayarudisha. Yeye alipakua programu ya bure ikaanza kusukuma data kwa nguvu. Asilimia zikasimama muda mrefu, akadhani imeganda, akashikilia kitufe cha kuzima. Mashine haikuwaka tena. Tulimwokolea sehemu kubwa ya picha, ila zilirudi bila majina wala mafolda, maelfu ya picha za familia zenye namba tupu, na azipange upya moja moja. Gharama ya kuokoa data ilizidi mbali ile ya kugawa, na hakuwa na bakapu.

Wengine hutubana tuwaachie C ya GB 50 ili D iwe kubwa. Tunakataa. Windows 11 yenyewe inataka diski isiyopungua GB 64, na bado kuna masasisho na programu zako. Waliogawiwa hivyo kwingine huja kwetu C ikiwa nyekundu, yaani imejaa, wakitaka iongezwe. Programu ya Windows yenyewe ya kugawa diski huongeza C kwa nafasi tupu iliyo mara tu baada yake, na hapo ndipo D ilipokaa na data zake zote. Inabidi kuhamisha D nzima kwanza. Kwa SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 256 ushauri wetu ni usigawe kabisa, hata kama tunakosa kazi.

Na D si bakapu. Inakusaidia Windows ikiharibika, kwa sababu tunafomati C peke yake na kuacha mafaili yako. Laptopu ikianguka na diski ikafa, C na D zinakwenda pamoja.

Kama umeshajaribu mwenyewe na D imetoweka, usitengeneze patisheni mpya hapo, na Windows ikikuuliza kama ifomati, kataa. Kwenye SSD, kufomati kunaweza kufuta data moja kwa moja, na hakuna fundi atakayeirudisha. Zima mashine, uilete na chaja yake.